Wajibu Usio na Mwenyewe

Katika machimbo ya dhahabu ya Geita karatasi imekwisha kuwa chombo cha kazi kama sururu na kamba. Mchimbaji mdogo ashukaye shimoni Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa hukutana na maandishi kila upande: makubaliano baina ya mwenye leseni, mwenye shamba, mwenye duara na wachimbaji, tangazo la ubaoni karibu na mdomo wa duara, onyo juu ya zebaki mahali pa kuchenjulia. Tangu soko la madini lilipofunguliwa mjini Geita mwezi wa Machi 2019, hata gramu chache za dhahabu haziuzwi sokoni humo ila kwa kuandikwa. Maandishi haya ni ya Kiswahili, kwa kuwa hapana lugha nyingine iwezayo kuwakusanya Msukuma, Mzinza, Msumbwa na wageni waliotoka Kigoma, Kagera na Mara. Jambo hilo ni la kushukuru. Walakini Kiswahili cha karatasi za namna hii aghalabu kina ila moja kubwa: hueleza wajibu bila ya kumtaja apaswaye kuutimiza. Ila hiyo haikutokana na upungufu wa lugha. Imetokana na waandishi wanaoiacha sarufi ya Kiswahili na kuifuata ya Kiingereza pale kirejeshi kikutanapo na vitenzi vya uwezo, ruhusa na wajibu.

Chanzo chake chafaa kutazamwa kwanza. Kiingereza kina vitenzi vichache, kama 'can', 'may', 'must', 'should' na 'shall', ambavyo havibadiliki kwa mtu wala kwa idadi. Mwenye kusema Kiingereza huvipanga nyuma ya 'who' au 'which' kila siku, sokoni na nyumbani, anapotaja mtu awezaye kusaidia, kazi ipasayo kufanywa au mlango ambao huenda ukawa wazi. Hapana anayemlaumu, maana hiyo ndiyo njia ya lugha yake. Lakini hata njia hiyo ina utelezi. Neno 'may' lina maana ya ruhusa, na pia lina maana ya jambo ambalo huenda likatokea. Neno 'shall' mara hutabiri, mara huamuru. Kwa sababu hiyo watunga sheria walilazimika kujenga boma. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, katika kifungu cha 53, imeweka kwamba 'may' ikitumika kumpa mtu mamlaka, basi ana hiari kuyatumia au kutoyatumia. Na 'shall' ikitumika kumpa mtu kazi, basi kazi hiyo haina budi kutimizwa. Ikiwa Kiingereza chenyewe kimehitaji boma la namna hiyo, mfasiri anayechukua maneno yake moja kwa moja na kuyaacha uwanjani bila ya boma anatumaini nini?

Tena hufanya hivyo kwa urahisi wa kustaajabisha. Akiona 'which', huandika ambayo. Akiona 'may', huandika inaweza. Akiona 'must be' au 'should be', huandika inapaswa au inatakiwa. Kazi yake imekwisha, na mkono wake haukuchoka. Chukuliwe mfano wa sharti moja la duara: "Matimba ambayo yanapaswa kuwekwa yawekwe kabla ya kazi ambayo inatakiwa kufanyika." Maneno yote ni ya Kiswahili, na upatanisho wake wa ngeli hauna kosa. Lakini aulize mtu: nani aweke matimba? Matimba ni yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo udongo usiporomoke, na katika majira ya mvua ndiyo mpaka baina ya uhai na mauti. Katika sentensi ile wajibu umewekwa juu ya magogo yenyewe. Magogo ndiyo "yanapaswa". Shimo likiporomoka, mwenye duara atasema hakuandikwa, mwenye leseni atasema hakuandikwa, na kwa hakika wote wawili watakuwa wamesema kweli. Gogo haliwezi kupelekwa mahakamani.

Kiswahili cha asili hakikumwacha mtu hivi. Kitenzi kupasa kilizoea kubeba ndani yake kiambishi cha mtu anayefungwa: yampasa, yatupasa, imewapasa. Vivyo hivyo imembidi, imetubidi, yamlazimu. Kitenzi chaanza na kiambishi kisichomtaja mtu, hilo ni kweli. Lakini mara tu nyuma yake huja -m-, -tu- au -wa-, na kiambishi hicho kidogo ndicho fundo la kamba. Siku hizi fundo limefunguliwa. Yampasa imekuwa inapaswa. Imembidi imekuwa inabidi. Na katikati, mahali alipokuwa amekaa mtu, hapana kitu. Anayedhani kwamba haya ni mabishano ya walimu juu ya silabi moja na azisome tena karatasi za machimboni, akihesabu ni mara ngapi silabi hiyo imekosekana, na ni nani aliyepata faida kwa kukosekana kwake.

Dawa ya ila hii haikutoka mbali. Sentensi ile yaweza kuandikwa hivi: "Mwenye duara anapaswa kuweka matimba kabla mchimbaji hajashuka." Na ikiwa kirejeshi chahitajiwa, lugha inacho: "matimba anayopaswa mwenye duara kuyaweka." Hapo kitenzi kina viambishi viwili, a- chamwonyesha mtu na -yo- chayarejea matimba. Mtu na kitu wamefungwa katika neno moja. Kiingereza hakina nafasi ya kufanya hivyo ndani ya kitenzi chake, kwa hiyo humtaja mtu kwa neno la pembeni, au humwacha. Kiswahili kina nafasi hiyo, na mwandishi anayeikataa anakataa mali ya nyumbani ili akakope umaskini wa jirani.

Neno la pili lenye kuharibu maandishi haya ni kuweza. Katika mazungumzo ya kila siku kitenzi hiki kina kazi yake safi: mtu ana nguvu au hana, jambo lina njia au halina. Mswahili akitaka kutaja ujuzi husema kujua: huyu ajua kuogelea, yule ajua kupasua mwamba. Akitaka ruhusa husema ruhusa: ameruhusiwa, hana ruhusa. Akitaka jambo lisilo na hakika husema huenda, labda au yumkini. Mfasiri wa 'can' na 'may' amezitupa zote hizo katika kapu moja la anaweza. Basi mchimbaji akisoma kwamba "mwenye duara ambaye mchimbaji wake ameumia anaweza kumpatia matibabu", asome nini? Kwamba mwenye duara ana fedha? Kwamba ameruhusiwa? Kwamba huenda akamtibu akiona huruma? Maana zote tatu zakubalika, na hakuna hata moja iliyo wajibu. Mtu mwenye mguu uliovunjika hana haja ya kuelezwa uwezo wa mwingine. Ana haja ya sentensi isemayo: "Mwenye duara atamtibu kwa gharama yake kila mchimbaji aumiaye kazini, wala hana hiari katika jambo hili."

Madhara ya anaweza yaonekana wazi zaidi katika maonyo ya zebaki. Wachenjuaji huichanganya zebaki na mchanga wa mawe yaliyosagwa kwenye karasha, ikakamata chembe za dhahabu. Kisha huchoma donge lile, zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo ukivutwa huingia mapafuni, ukadhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mambo hayo si ya kubahatisha. Waganga wameyajua kwa miaka mingi. Walakini mwandishi wa onyo huandika: "zebaki, ambayo inaweza kuleta madhara kwa afya." Huenda ikaleta, huenda isilete! Mama anayechoma donge la dhahabu huku mtoto amelala mgongoni ataisoma sentensi hiyo na kujiweka upande wa wale ambao haikuwapata. Kwa nini asiandike "zebaki idhuruyo ubongo", au "mvuke wenye kudhuru"? Kirejeshi kisicho na wakati, kama katika idhuruyo, hutaja tabia ya kudumu ya kitu, na hapana tabia ya kudumu kuliko ya sumu. Lugha ilikuwa na neno lenye meno; mwandishi akachagua kibogoyo kwa sababu Kiingereza alichokisoma kilikuwa na 'may'.

Neno la tatu ni kutakiwa, nalo ni hodari wa kujificha kuliko yote. "Mtu anayetakiwa" ni nani? Ni mtu anayependwa. Ni mtu anayehitajiwa kazini. Ni mtu anayesakwa na polisi. Ni mtu aliyeamriwa. Kwa kukanusha mambo huzidi: "mtu asiyetakiwa kushuka" ni yule aliyekatazwa, au ni yule ambaye hapana haja ashuke, au ni yule ambaye wenzake hawamtaki? Baada ya baruti kulipuliwa, moshi ukiwa bado umejaa shimoni, tofauti ya maana hizo ni kubwa. Aliyekatazwa hatashuka. Asiyelazimika atashuka akipenda, hasa akiwa na deni dukani na mifuko ya mawe inamngoja. Mwandishi mwenye kujua lugha yake atatenga: asiyelazimika ni wa hiari, asiyeruhusiwa ni wa marufuku. Na juu ya hayo kutakiwa ni kitenzi cha kutendwa. Kila atakiwaye ana amtakaye. Karatasi isemayo "anatakiwa" bila ya kusema na nani imempa amri mtu huku ikimficha mwamrishaji.

Yako pia maneno mawili yaliyoungana na kirejeshi hata watu wamesahau kwamba ndani yake mna uwezo na wajibu: ipasavyo na iwezekanavyo. Kazi ifanywe ipasavyo. Malipo yatolewe haraka iwezekanavyo. Maneno haya ni fasaha, wala hayana kosa katika barua ya salamu au hotuba ya harusi. Lakini katika mapatano ya mgao ni milango miwili iliyoachwa wazi usiku. Ipasavyo kwa kipimo cha nani? Iwezekanavyo kwa uwezo wa nani? Mdaiwa hajapata kuwa na rafiki mkubwa kuliko iwezekanavyo, kwani siku zote ataonyesha kwamba leo haikuwezekana. Mahali pa neno hilo yafaa iandikwe siku: "katika siku 7 baada ya mawe kusagwa."

Mtu asije akadhani kwamba haja ya kuunganisha kirejeshi na wajibu ni ngeni kwa Waswahili, na kwamba wamejifunza kwa Wazungu. Methali husema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika maneno matano mna mtu, mna kile anachotaka, mna wajibu, na mna kitendo chenyewe. Na kitendo kimefungwa kwa mtu yule yule kwa kiambishi a-. Hapana ambaye, hapana inapaswa, wala hapana mwanya wa kupitia. Katika maneno ya kila siku watu husema: hana pa kulala, hakuna wa kumtibu, sina la kusema, kazi ya kufanya ni nyingi. Kiunganishi -a pamoja na kitenzi-jina hufanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa kirejeshi na kitenzi cha uwezo au cha wajibu, tena kwa maneno machache. Wa kumtibu ni yule awezaye kumtibu. Kazi ya kufanya ni ile isiyo na budi kufanywa. Na ndani ya kirejeshi cha wakati ujao umelala wajibu wa kale zaidi. Kiambishi -ta- cha wakati ujao chatokana na kitenzi kutaka, na mtu akisema atakayeshuka, kitenzi hicho chote hurudi kinywani. Atakayeshuka ni mwenye kutaka kushuka kabla ya kuwa mwenye kushuka. Nia na wakati vimeshonwa kwa uzi mmoja.

Hapa watajitokeza wapinzani wa aina mbili, na kila mmoja apewe haki yake. Wa kwanza ni wale walimu wanaoichukia amba- na kuifuta kwa wino mwekundu kila waionapo, wakidai ni ya kigeni. Hao wamekosea. Neno hilo latokana na kuamba, yaani kusema, nalo ni la Kiswahili tangu kale. Tena yako mahali ambapo lugha haina njia nyingine. Viambishi -nge- na -me- havipokei kirejeshi ndani yake. Vivyo hivyo huenda, lazima na hana budi. Mtu hana ila aseme "mchimbaji ambaye angeweza kuokolewa", "mwenye leseni ambaye huenda hayupo", "ada ambayo ni lazima ilipwe". Hata hapo lugha mara nyingine hutoa mlango wa pili, kama "ada iliyo lazima" au "mtu asiye na budi kulipa". Lakini amba- haina lawama. Pia mtajwa akiwa mbali na kitenzi chake, amba- humsaidia msomaji asipotee. Lawama ni kwa amba- inayowekwa kwa mazoea, pale ambapo kiambishi kimoja kingetosha, na hasa inayowekwa ili kitenzi cha wajibu kilicho nyuma yake kikose mtu.

Wapinzani wa pili ni hatari zaidi. Wao wasema kwamba utata huu ni ushahidi: Kiswahili hakina vitenzi vya kupimia wajibu, kwa hiyo mikataba na sheria zibaki katika Kiingereza, lugha ya wataalamu. Hoja hiyo ni sawa na ya mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe, vikambana, akailaumu miguu yake. Utata waliouona si wa Kiswahili bali ni wa Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kiswahili kina kupasa, kubidi, kulazimu na kuruhusu; kina sharti, lazima, budi, hiari, haki na marufuku. Kwa maneno haya mtu aweza kutenga daraja za wajibu kwa usahihi kupita 'shall' na 'may' zilizohitaji kifungu cha sheria kuzieleza. Upungufu uliopo ni wa uamuzi: hawajakaa pamoja wanasheria na wanalugha wakaafikiana kwamba neno hili liwe la amri na lile liwe la hiari, kisha wakaheshimu mapatano yao katika kila karatasi.

Uamuzi huo hauwezi kungojwa tena. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria, na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama. Kabla ya hapo uzembe wa mfasiri ulikuwa na mlezi, kwani penye shaka nakala ya Kiingereza ilitazamwa. Sasa Kiswahili kimepewa kiti chake, na aketiye kitini hawezi kumwelekeza mshitaki kwa mwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo yamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeyaelewa masharti yaliyoandikwa ameelezwa kwa namna anayoielewa. Kuelewa si kuijua maana ya kila neno pekee. Mtu ameelewa sharti pale awezapo kujibu, bila ya kumwuliza mtu, maswali matatu: nani afanye, afanye nini, na asipofanya itakuwaje. Sharti lisilojibu swali la kwanza halikueleweka, hata kama limesomwa kwa sauti kubwa mara kumi.

Zaidi ya hayo, wachimbaji wenyewe hawana ila hii katika mazungumzo yao. Mapatano ya mdomoni ya duarani ni mafupi, na kila moja lina mwenyewe: aliyeshuka agawiwe, asiyechangia chakula asihesabiwe, mwenye pampu ana fungu lake. Kirejeshi chamtaja mtu, kitenzi chafuata, mambo yamekwisha. Mtu huyo huyo akiketi mbele ya mwandishi aliyesoma, maneno yake hugeuzwa: aliyeshuka agawiwe huwa "mgao ambao utapaswa kutolewa kwa wahusika ambao watakuwa wameshiriki". Anaambiwa hicho ndicho Kiswahili sanifu. La hasha! Usanifu haukuletwa ili kumpokonya mtu nafasi yake katika sentensi. Alikuja na sentensi yenye mdai na mdaiwa, akaondoka na sentensi yenye wahusika.

Basi wanafunzi wa lugha, ambao kesho watakuwa wafasiri, mahakimu, maofisa wa madini na walimu, wana kazi iliyo mbele yao. Wasihesabu kwamba wamefasiri mpaka wamemwona mtu ndani ya kitenzi. Waandikapo inapaswa, waulize yampasa nani. Waandikapo anaweza, waulize kama ni nguvu, ni ruhusa au ni bahati. Waandikapo anatakiwa, wamtafute mtakaji. Waandikapo ambayo, wajaribu kwanza kiambishi. Kazi hiyo ni ndogo kuliko kuchimba jiwe, na haiui mtu akiifanya. Isipofanywa, wako watakaolala chini ya udongo wa Geita, na karatasi iliyobaki juu itasema kwamba matimba ndiyo yaliyopaswa.